Vita vya miguu na tumbo: askari wa kuandikishwa kwenye njia ya Ngara na Biharamulo

Hesabu iliyotolewa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 inasema Tanzania ilipoteza wanajeshi 373. Waliouawa na adui katika mapigano walikuwa 96 tu. Wengine, karibu watatu katika kila wanne, waliondolewa na ajali, maradhi na mikosi mingine ambayo Idi Amin wa Uganda hakuwa na mkono ndani yake.

Miaka 62 kabla ya vita hivyo kuanza, jeshi jingine lilikuwa limepita mkoa wa Kagera wa leo likienda kwa miguu. Ni jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lililoitwa Force Publique, likiwafukuza Wajerumani kutoka Rwanda hadi Tabora. Katika kampeni zake zote za Afrika Mashariki lilipoteza askari wapatao 1,900. Wapagazi wake waliokufa walizidi 7,000.

Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, zinakwambia jambo ambalo filamu za vita hazilisemi. Kwa askari wa miguu, hasa yule aliyechukuliwa kwake bila kuulizwa sana, risasi ni sehemu ndogo ya vita. Sehemu kubwa ni mwendo, mzigo, matope, maji machafu, njaa na kuhara. Na ukitaka kuona mambo hayo yalivyokuwa katika nchi hii, pa kuanzia ni njia inayopita Biharamulo na Ngara.

Leo njia hiyo ni lami. Malori ya Kigali na Bujumbura yanatoka Kahama, yanapita Runzewe, yanafika Nyakanazi. Hapo anayekwenda Kibondo na Kigoma anakata kushoto. Wengine wanasonga mpaka Lusahunga, ambako anayekwenda Bukoba anapanda kaskazini kupitia Biharamulo mjini na anayekwenda Ngara anaelekea magharibi hadi Rusumo, kwenye daraja la Kagera. Watu wengi waliisikia Ngara kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walipolivuka daraja hilo kwa muda wa siku moja na ushei na kambi ya Benaco ikageuka mji. Lakini kivuko cha Rusumo ni cha zamani. Mei 1894 Mjerumani von Götzen alivukia hapohapo kuingia Rwanda, na mwaka 1916 Wabelgiji walivuka kutoka upande wa pili.

Tumtazame kwanza askari huyo wa 1916, maana ndiye aliyesahauliwa zaidi.

Hakuwa Mbelgiji. Maofisa ndio waliokuwa Wazungu. Askari walikuwa Waafrika wa Kongo, na wengi wao hawakujiandikisha wenyewe. Tangu enzi za Mfalme Leopold kila wilaya ya Kongo ilipangiwa idadi ya vijana wa kutoa kila mwaka, na aliyeamua nani aende ni chifu. Kwa hiyo waliokwenda ni wale ambao chifu hakuona hasara kuwapoteza: mtumwa, mgomvi, yatima, mtoto wa ukoo usio na mtetezi. Muda wa utumishi ulikuwa miaka saba. Nidhamu yake ilikuwa kiboko, na kiboko hicho kiliendelea kutumika katika jeshi hilo mpaka miaka ya 1950.

Bunduki yake ilikuwa Albini, silaha ya karne ya 19 inayopakiwa risasi moja moja. Unafungua, unatia risasi nene ya milimita 11, unafunga, unapiga, na mbele ya uso wako linapanda wingu la moshi wa baruti nyeusi. Moshi ule ulikuwa adui wa pili, kwa sababu kila aliyepiga alikuwa ameonyesha alipojificha. Askari wa upande wa Wajerumani nao wengi walibeba bunduki kuukuu za moshi, kwa hiyo mapambano ya porini yalikuwa ya kulenga mawingu.

Miguuni hakuwa na kitu. Alitembea peku, na hapo ndipo mdudu mdogo kuliko kiroboto alipokuwa na nguvu kuliko bunduki ya rashasha. Funza hakuwa mwenyeji wa nchi hizi. Aliingia kutoka magharibi, akifuata misafara ya Kongo, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika. Jike la funza hujichimbia chini ya ukucha au kwenye kisigino, likavimba mayai hadi kufikia ukubwa wa njegere. Mtu aliyetulia nyumbani hutolewa funza kwa sindano au mwiba, akapaka mafuta, yakaisha. Aliye safarini, anayekanyaga tope tangu alfajiri na kulala palipokutwa na giza, hana nafasi hiyo. Kidonda kinaoza, kidole kinakatika, na aliyekuwa askari anabaki nyuma ya msafara akichechemea.

Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur aliwavusha askari wake kuingia Rwanda na Burundi. Kigali ilianguka Mei 6. Kikosi cha kaskazini cha Kanali Molitor kikaendelea mashariki, kikavuka mto Kagera, na Juni 24 kikaingia Biharamulo, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga boma la mawe mwanzoni mwa karne. Boma lenyewe bado limesimama, na mgeni akipita mjini huonyeshwa. Siku chache baadaye, Julai 3, safu ya Wajerumani iliyokuwa ikirudi nyuma kutoka Bukoba iligongana na Wabelgiji huko Kato. Mapigano yakawa makali na kamanda wa Wajerumani, Kapteni Gudowius, akatekwa. Kutoka hapo ni Ushirombo, kisha Tabora, iliyotwaliwa Septemba 19.

Hizo ni tarehe za majenerali. Za askari na mpagazi zilikuwa za aina nyingine.

Nchi ya Biharamulo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa na mbung'o. Mbung'o alimaanisha hakuna ng'ombe wa kukokota mkokoteni, hakuna farasi, hakuna punda wa kutegemea. Kila kilo ya mchele, kila sanduku la risasi, kila kipande cha mzinga kilipita kichwani au begani kwa mtu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi, naye anataka kula karibu kilo moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: akitembea siku 25 na mzigo wa chakula, amekula mzigo wote na hajamfikishia askari hata punje. Ndiyo maana Wabelgiji walihitaji wapagazi zaidi ya 200,000 kwa vita vile vyote, na ndiyo maana majeshi ya pande zote mbili yalikula vijiji vilivyopitiwa. Ghala la mtama, migomba, mbuzi, kuku: kilichoonekana kilichukuliwa. Wanaume walioonekana nao walichukuliwa, wakatwishwa. Msubi wa Biharamulo au Muhangaza wa Bugufi hakuwa na ugomvi na Kaiser wala na Mfalme Albert, lakini akikutwa shambani siku ambayo msafara umepungukiwa na vichwa, vita vilikuwa vyake.

Nadhani ndiyo sababu kumbukumbu ya 1916 huku magharibi haina mashujaa. Dar es Salaam ina Mnara wa Askari, uliosimamishwa 1927, bunduki mbele na singe imechomoza. Nani angemsimamishia sanamu mtu anayehara kando ya njia na sanduku la risasi pembeni?

Matokeo ya mwendo ule yapo kwenye ramani mpaka leo. Wabelgiji waliitawala Biharamulo na Ngara mpaka Machi 1921, kisha wakawakabidhi Waingereza kufuatana na mapatano yaliyofikiwa 1919 kati ya Lord Milner na Pierre Orts. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Gisaka, ng'ambo ya mto, nayo ilikuwa imetiwa mikononi mwa Waingereza, lakini Mwami Musinga wa Rwanda akalalamika, wamisionari wakamsaidia kulalamika, ikarudishwa miaka michache baadaye. Bugufi haikurudi. Hivyo Muhangaza akawa Mtanganyika na ndugu yake wa ng'ambo akawa wa Wabelgiji, na kizazi chake ndicho kilichoitwa kwenye vita vilivyofuata kwa sare ya Mwingereza.

Vita hivyo, vya 1939 hadi 1945, nitavipita upesi kwa sababu vilipiganwa mbali. Kuanzia 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuandikisha watu kwa lazima, jeshini na mashambani, na makumi ya maelfu ya Watanganyika waliingia KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoitwa Keya, waliojitolea na wasiojitolea wakichanganywa kwenye kombania moja. Keya hao walipigana Ethiopia, wakapelekwa Madagaska 1942, na 1944 wakawekwa katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika yao, ambako malaria na matope yalifanya kazi kubwa kuliko Wajapani. Mmoja wa vijana walioingia KAR mwaka 1942 na kufika Madagaska alikuwa Mzanaki wa Butiama aliyeitwa David Musuguri. Shika jina hilo.

Sasa tuje 1978, mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na Novemba 1 Kampala ikatangaza kwamba eneo lile, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni la Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, hotuba ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anaweza kukughania sehemu ya uwezo, sababu na nia. Kesho yake Waganda wakalivunja daraja la Kyaka. Kusini ya mto, watu waliobeba magodoro na watoto walikuwa njiani. Bukoba ilikuwa ikipigwa mabomu kutoka angani, na hata Mwanza watu walichimba mahandaki nyuma ya nyumba.

Jeshi lililokuwepo halikutosha. JWTZ ilikuwa na askari wasiofika 40,000, wametawanyika nchi nzima, wengi wao kusini kwa sababu ya hali ya Msumbiji na Rhodesia. Katika wiki chache likavimba kupita laki moja. Waliolijaza ni polisi, magereza, vijana wa JKT na, kundi kubwa kuliko yote, mgambo wapatao 40,000.

JKT tunaifahamu. Tangu 1967 aliyemaliza sekondari au chuo alikwenda kwa mujibu wa sheria, atake asitake, akimbizwe mchakamchaka na kulima mashamba ya kambi. Mgambo ni habari nyingine. Wazo lake lilipata nguvu kwenye Mwongozo wa TANU wa 1971, mwaka ambao Amin alichukua nchi na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea. Viongozi wa Afrika walikuwa wamejionea kwamba kikosi kidogo cha mamluki kinaweza kuipindua serikali usiku mmoja. Jibu la TANU lilikuwa kumfundisha mwananchi mwenyewe kujilinda. Baada ya operesheni vijiji, mafunzo yakawa rahisi kupangwa, maana watu walikuwa wamekusanywa mahali pamoja. Jioni, uwanja wa shule, mstari, kushoto-kulia, na bunduki ya mbao begani.

Mtu huyo ndiye aliyeitwa. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa watoe watu na magari, mkoa ukaigawia wilaya, wilaya ikaigawia kata, kata kijiji, mpaka karatasi ikamfikia mwenyekiti na mjumbe wa nyumba kumi. Je, alijitolea au alilazimishwa? Nimewahi kusikia watu wakibishana jambo hili kwa hasira, na kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki. Hasira dhidi ya Nduli Amin ilikuwa ya kweli, na wapo waliokwenda wenyewe wilayani kuomba waandikwe. Lakini kijijini, mbele ya mwenyekiti, katibu wa chama na majirani wote, jina lako likiwa limesomwa, kusema hapana kulihitaji ujasiri mwingi kuliko kusema ndiyo. Chifu wa Kongo alichagua asiyekuwa na mtetezi. Kijiji cha ujamaa kilichagua mwenye nguvu na aliyejua kwata, na hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo aliyebaki na jembe nyumbani, pande zote mbili za historia, ni mwanamke.

Na jembe lilikuwa na kazi. Novemba ni wakati wa vuli. Mahindi na maharage yako shambani yanadai palizi. Wilaya za Ngara na Biharamulo zilikuwa za wakulima ambao hawakuwa na trekta wala mfanyakazi wa kukodi. Kijana wa miaka 20 akiondoka, nusu ya mikono ya nyumba imeondoka naye.

Mvua hizohizo za vuli ziliigeuza barabara kuwa uji. Vikosi na shehena vilivyotoka katikati na kusini mwa nchi vilikuja kwa treni hadi Tabora au Mwanza, kisha vikategemea malori, mengi yakiwa yamechukuliwa kwa wafanyabiashara, mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Anayekuja kwa nchi kavu kutoka Kahama alikuwa lazima aipite Biharamulo. Wanakijiji walichanga ng'ombe, ndizi, maharage. Malori yalizama, yakasukumwa, yakaanguka. Ukijiuliza ajali zilizomo kwenye ile hesabu ya 373 zilitoka wapi, anza na lori lililojaa watu na masanduku, dereva hajalala siku mbili, utelezi, usiku, na taa zimezimwa kwa amri.

Kambini mgambo alipewa kile ambacho kijiji hakikuwa nacho: silaha ya chuma. Wengine SMG, wengine SAR ya Kichina yenye risasi kumi na singe inayokunjwa chini ya mtutu. Akapewa wiki chache za kulenga, kutambaa na kuchimba handaki, akapewa buti ikiwa saizi yake ipo. Kisha akatembea. Jeshi lile lilikuwa na vifaru na lilikuwa na mizinga ya roketi, ile iliyopewa jina la Saba Saba na kuwatia Waganda hofu kwa mlio wake, lakini askari wake wa miguu alikuwa wa miguu kweli. Mtukula hadi Masaka ni zaidi ya kilomita 80, Masaka hadi Kampala ni 130 nyingine. Alizitembea kando ya barabara, porini na migombani kwa sababu barabarani ndiko mabomu yalikolengwa, na mgongoni alibeba blanketi, risasi zake na mara nyingi bomu la mota kwa ajili ya wenzake wa silaha nzito.

Mtukula ilitwaliwa Januari 21 na 22, 1979. Februari 24 ikaanguka Masaka, kesho yake Mbarara. Kamanda wa Divisheni ya 20 iliyokuwa ikisonga mbele alikuwa yule kijana wa Butiama, sasa Meja Jenerali Musuguri. Aliyeanza kama askari wa Mwingereza aliyetumwa Madagaska asikokujua, sasa aliongoza wakulima walioijua sababu ya safari yao. (Aliishi muda mrefu, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.)

Kisha ikaja Lukaya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgambo alipopimwa.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Mbele yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi kirefu cha mafunjo. Hakuna njia nyingine ya kupitisha kifaru. Muammar Gaddafi wa Libya alikuwa ameleta askari wake kumwokoa rafiki yake Amin, wakiwa na vifaru vya T-55 na roketi. Brigedi iliyopangwa kushika Lukaya na tuta lake ilikuwa ya 201, chini ya Imran Kombe. Brigedi hiyo ilijazwa karibu yote na mgambo.

Machi 10 Walibya na Waganda walishambulia. Roketi zilianza kuruka kwa mafungu, nyingi zikapita juu ya vichwa na kuangukia nyuma bila kudhuru. Lakini mtu ambaye miezi minne iliyopita alikuwa akipalilia maharage Rulenge au Nyakahura hana kipimo cha roketi. Hajui kwamba inayopita juu yake haimuui. Anasikia mngurumo, anaona moto, anaona mwenzake amekimbia. Mgambo wengi walivunja safu, wakajitosa kwenye kinamasi au wakarudi mbio kwenye barabara ya Masaka. Lukaya ikatwaliwa.

Vitabu vingi vingeishia kwenye aibu hiyo na kuhamia kwa mashujaa. Lakini jambo la ajabu la Lukaya ni la usiku uliofuata. Walibya, badala ya kuendelea mpaka Masaka, walisimama. Musuguri akaiagiza Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, igeuke na kutembea usiku kucha ili iikate barabara ya Kampala nyuma ya adui. Huku mbele, maofisa wa 201 walikusanya watu wao gizani, wale waliokuwa wametapakaa kwenye matope na mafunjo, wakawapanga upya. Alfajiri ya Machi 11 walewale waliokimbia jana walisonga mbele kutoka upande mmoja, 208 ikatokea upande wa pili. Walibya hawakujua nchi, wala lugha, wala kwa nini wako pale. Wapatao 200 waliuawa, na Luteni Kanali Godwin Sule, kamanda wa upande wa Amin, akafa siku hizo. Ulikuwa mpambano mkubwa kuliko yote ya vita vile, na baada yake barabara ya Kampala ilikuwa wazi.

Walibya wale nao, niongeze hapa, hawakuwa wote askari wa kazi. Baadhi yao walikuwa wanamgambo wa Gaddafi, waliopakiwa kwenye ndege na kushushwa Entebbe. Mgambo wa jangwani na mgambo wa migombani walikutana kwenye kinamasi cha Buganda, wote wawili wameitwa na wakubwa wao. Tofauti ni kwamba mmoja alitoka nchi iliyovamiwa, na nyuma yake, siku kadhaa za mwendo, kulikuwa na kwake.

Entebbe ilianguka Aprili 7, Kampala Aprili 10 na 11. Waganda waliwapokea kwa matawi na vigelegele, wakawaita bakombozi. Wengi tungefikiri vita vimekwisha. Kwa askari wa miguu vilikuwa nusu ya njia: Jinja, kisha kaskazini, Lira, Gulu, Arua, hadi mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Chakula kilichotoka nyumbani hakikuwafuata kwa kasi ile, na unga ulipochelewa walikula matoke, mihogo na walichouziwa au kupewa. Maji walikunywa walipoyakuta. Malaria iliwafuata kila kambi. Ile sehemu kubwa ya 373 iliendelea kujazwa kimyakimya hata baada ya Amin kukimbilia Libya.

Kurudi hakukuwa kwa siku moja. Wengine walibaki Uganda kulinda usalama mpaka 1981. Waliofia vitani wana makaburi Kaboya, wilayani Muleba, na wanajeshi hukumbukwa kila Julai 25. Mkoa ukapewa jina la Kagera. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukafungwa kwa miaka mingi kuliko hiyo: vita viligharimu dola zipatazo milioni 500, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na mgambo aliyerudi Ngara akakuta duka la kijiji halina sabuni, chumvi wala kipande cha khanga.

Askari wa ajira alikuwa na cheo, mshahara na baadaye pensheni, ingawa hata hao malalamiko yao kuhusu mafao ya Kagera yamesikika kwa miaka mingi. Mgambo hakuwa mwajiriwa. Alikabidhi silaha, akapewa asante, akapanda lori, akarudi kwenye shamba ambalo mke au mama yake alikuwa amelishughulikia kwa misimu miwili. Wachache waliingizwa jeshini moja kwa moja. Wachache wengine walirudi na ujuzi usiofaa kijijini. Silaha zilizotapakaa baada ya vita zilichochea wizi wa ng'ombe na unyang'anyi katika mikoa ya Ziwa, mpaka miaka ya mwanzo ya 1980 watu wa Kahama na Shinyanga wakaanzisha sungusungu wenye pinde na filimbi, na sungusungu wakasambaa wilaya jirani. Aliyejua kwata na doria alikuwa na nafasi humo.

Kuna jambo moja ambalo halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kulifanya bila kungoja wizara wala bajeti ya maana. Mwaka 1978 majina yaliandikwa kijiji kwa kijiji. Bila kuandikwa, karatasi isingerudi wilayani. Wajumbe wa nyumba kumi walioyaandika wengi wamekufa, na karatasi nyingi zimeliwa na mchwa. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile leo anakaribia 70, na bado yuko Rulenge, Nyakahura, Kabanga au Lusahunga, akiwajua wenzake aliopanda nao lori: nani alirudi, nani hakurudi, na nani alifia Uganda kwa kuhara. Mtendaji wa kijiji, daftari la shule na jioni chache zinatosha kuyapata majina hayo.